Mitihani ya masomo na vyuo vinavyochagua sana Marekani: uzito wake uko wapi hasa?

Dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, ameniandikia swali refu kidogo, nalifupisha hivi:

"Habari kaka. Binti yangu yuko gredi ya 10, anapenda kemia kupita kiasi, anataka udaktari, na ndoto yake ni Johns Hopkins au hata Harvard. Juzi Jumamosi nilipita kanisani walipokuwa wanauza vitu vya mtumba nikakuta kitabu cha SAT Subject Test ya Kemia, dola 4, nikakibeba. Rafiki yangu ambaye kijana wake aliingia chuo kikubwa miaka ya nyuma akaniambia ndiyo hiyo hiyo, bila Math Level 2 na Kemia, tena 750 kwenda juu, hata faili lake hawafungui. Sasa binti ananiambia mama huu mtihani haupo. Mimi nilimaliza Form Six Tanzania, PCB (fizikia, kemia na biolojia), najua mtihani ndio kila kitu. Nisaidie, hii mitihani ya masomo ina uzito kiasi gani, na kama haipo basi wanampima mtoto kwa kutumia nini?"

Nzuri dada, na hongera kwa kulea mtoto anayependa kemia. Nianze na huyo binti maana yeye ndiye amesema kweli, huo mtihani haupo. College Board, wale wale wenye SAT, ule mtihani wa jumla wa kuombea vyuo, walitangaza Januari 2021 kwamba SAT Subject Tests zinafutwa, kwa wanafunzi wa Marekani zikakoma hapo hapo, na walioko nje ya nchi wakapewa nafasi ya mwisho Mei na Juni mwaka huo. Kwa hiyo hakuna chuo chochote kinachoweza kumdai binti yako Math Level 2 wala Kemia. Na rafiki yako naye hajakudanganya, anakusimulia ya wakati wake, kijana wake alipoomba mitihani hiyo ilikuwepo kweli. Shida ya Marekani ni kwamba hizi taratibu zinabadilika kila baada ya miaka miwili mitatu, halafu sisi huku habari tunapeana kanisani, msibani na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo ya 2012 bado inatembea kama ya leo.

Kitabu usikitupe, nitarudi kwenye hilo.

Hiyo mitihani ilianza 1937 kwa jina la Achievement Tests, baadaye ikaitwa SAT II, halafu ndo ikawa SAT Subject Tests. Kila somo saa moja, ni kuchagua jibu tu, alama kuanzia 200 mpaka 800. Mimi mwenyewe nilifanya ya Fizikia na bado naiona mbele ya macho, maswali 75 dakika 60, kalkuleta hairuhusiwi, ukikosea jibu wanakukata robo alama, yaani una sekunde 48 kwa swali na hapo hapo unatakiwa uamue hili nalijibu au naliruka. Mtu aliyezoea karatasi ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ya masaa matatu, unaonyesha njia mstari kwa mstari, halafu bado kuna Physics 3 ya vitendo na pendulum yako na stopwatch, ukimkalisha mbele ya kitu kama kile anachanganyikiwa kabisa, si kwamba hajui fizikia, ni kwamba anaulizwa kwa lugha nyingine.

Nani alikuwa anaidai? Harvey Mudd walitaka Math Level 2. Caltech walitaka Math Level 2 na sayansi moja. MIT walitaka hesabu moja na sayansi moja mpaka walipoacha 2020. Georgetown walikuwa wanapendekeza mitihani mitatu. Vyuo vya University of California vilidai miwili, mpaka kwa wale walioingia 2012 wakaachana nayo. Vingine vingi vilikuwa vinaandika "tunapendekeza", na hapa ndipo watoto wetu walipokuwa wanaumia, maana mzazi aliyesomea Marekani na ana hela ya kumlipa mshauri alijua kwamba neno "tunapendekeza" kwenye chuo kinachokataa watu tisa kati ya kumi maana yake leta, na mzazi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au aliyekuja kwa green card ya bahati nasibu akasoma "tunapendekeza" akajua ni hiari. Hilo liliniuma miaka yote na bado linaniuma.

Lakini hata enzi hizo, uzito wake haukuwa kama anavyosema rafiki yako. Mtihani ule ulikuwa unathibitisha kitu ambacho faili limeshasema. Mtoto ana A kwenye Fizikia shuleni kwake, je hiyo A ni A ya kweli au mwalimu anagawa kama pipi? Akileta 740, basi, swali limejibiwa, msomaji wa maombi pale chuoni anageuza ukurasa. Akileta 560 na transkripti, yaani rekodi yake ya gredi, ina A tupu, hapo swali linazaliwa. Lakini 800 ya Math Level 2 peke yake haikumnyanyua mtu, kwa sababu walioipata walikuwa wengi mno, ungeweza kukosa maswali kadhaa kati ya 50 na bado ukatoka na 800. Na mtoto aliyekulia nyumba ya Kichina akafanya mtihani wa Kichina akapata 800, au wa nyumba ya Kihispania akafanya Kihispania, msomaji alikuwa anatikisa kichwa tu kwamba sawa, anajua lugha ya mama yake.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho si cha kusikia. Harvard waliposhtakiwa kuhusu udahili, kesi ikasikilizwa Boston 2018 na baadaye ikafika Mahakama Kuu ya Marekani iliyotoa hukumu Juni 2023, maelekezo yao ya ndani ya kusoma maombi yalitolewa hadharani. Kila mwombaji anapewa namba upande wa taaluma, 1 ndiyo ya juu kabisa na 6 ya chini. Ukisoma maelezo ya namba 2, ni mwanafunzi bora sana, gredi za juu mno, alama za mitihani za katikati ya 700 kwenda juu. Hiyo ni namba mbili, dada! Ili upate 1, alama karibu kamili na gredi karibu kamili hazitoshi, wanataka waone ubunifu usio wa kawaida, dalili kwamba huyu mtoto ni msomi wa kweli, pengine ameshafanya kazi yake mwenyewe ya kitaaluma. Na hapo bado kuna namba nyingine za shughuli nje ya darasa, michezo na utu wake. Kwa hiyo mtihani mzuri unakufikisha kwenye chumba ambacho karibu kila mtu ndani yake ana mtihani mzuri, halafu mnaanza kuangaliwa upya.

Hii ndiyo tofauti na kule tulikotoka, na naomba uishike maana ndiyo itakayokusaidia kuliko yote. Sisi tumelelewa na mtihani mmoja. NECTA wakitoa matokeo, Division One ya pointi tatu unajua umepita, unaangalia kwa TCU, tume ya vyuo vikuu, kozi inataka pointi ngapi, kama unazo unaingia na kama huna huingii, hakuna anayekuuliza Jumamosi unafanya nini wala mwalimu wako anakuonaje. Ni mfumo mkali lakini unaeleweka, hata mtoto wa mkulima anajua lango liko wapi. Vyuo hivi vikubwa vya Marekani havina lango la namna hiyo. Hakuna alama ambayo ukiipata wanalazimika kukuchukua. Wana mtu anakaa na faili la binti yako, transkripti ya miaka minne, karatasi ya maelezo ya shule, barua ya kaunsela, barua za walimu wawili, insha zake, shughuli zake, na mitihani ikiwa mmoja wa hao mashahidi, si hakimu.

Turudi kwenye swali lako la pili, kama mitihani ya masomo haipo sasa wanatumia nini. Uzito ule haukupotea, ulihamia sehemu tatu, na hazilingani.

Sehemu kubwa kuliko zote ni darasa lenyewe. Amesoma masomo gani, yalikuwa magumu kiasi gani ukilinganisha na yale ambayo shule yake inatoa, na alipata nini. Mtoto mwenye A kwenye kemia ya kawaida wakati shule ina AP Chemistry (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) na hakuigusa, huku anaandika kwenye insha kwamba kemia ndiyo maisha yake, hapo msomaji anasimama na kujiuliza. Mtoto mwenye A- kwenye AP Chemistry anaaminika zaidi. Na wanajua shule inatoa nini, kwa sababu ile karatasi ya maelezo ya shule inaorodhesha, na msomaji wa eneo la Ohio anasoma shule hizo hizo mwaka baada ya mwaka. Kama shule ya binti yako ina AP tano tu, hahukumiwi kwa kukosa ishirini za shule ya watoto wa matajiri ng'ambo ya mji, anahukumiwa kwa alichofanya na hizo tano.

Sehemu ya pili ni SAT au mwenzake ACT, hii mitihani ya jumla ya kawaida, na hapa kuwa makini maana upepo umegeuka. Wakati wa korona karibu kila chuo kilisema ni hiari. Sasa vingi vya juu vimerudi. MIT walirudisha Machi 2022. Dartmouth na Yale wakafuata Februari 2024, halafu mwaka huo huo Brown, Harvard, Caltech, Cornell, Stanford, na Johns Hopkins anayoitaka binti yako nao wakatangaza kwamba wanarudisha. Columbia wao walisema ni hiari moja kwa moja. Vyuo vya University of California haviangalii SAT kabisa hata ukiwapelekea. MIT walieleza sababu yao vizuri, kwamba kila mwanafunzi wao, hata wa muziki, lazima apite mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia, na alama ya hesabu inawasaidia kujua nani ataweza kusimama. Na wakasema pia kitu ambacho wazazi wengi hawakisikii, kwamba ukishaonekana uko tayari basi, hawaendelei kuhesabu alama, hawampendelei mwenye alama kamili. Ni kama maji ya bahari, yakishakufika kifuani unaelea, kuongeza kina hakukufanyi uelee zaidi.

Na usiogope alama isiyokuwa kubwa kama za kwenye matangazo. Dartmouth kabla ya kurudisha mtihani waliwapa watafiti wao kazi, wakagundua wapo watoto wa familia za kipato cha chini waliokuwa na alama ambazo zingewasaidia kuingia, wao wakazificha kwa sababu walilinganisha na wastani wa chuo wakaona aibu. SAT ya 1400 kati ya 1600 kutoka shule ambayo wastani wake uko mbali chini ya hapo ni kitu kikubwa, na msomaji anaiona hivyo. Hilo lilinisikitisha sana kulisoma maana ndivyo tulivyo, tunaficha kizuri tulichonacho kwa sababu jirani ana kizuri zaidi.

Sehemu ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na kitabu chako cha dola 4, nayo ni mitihani ya AP. Hii inafanywa wiki mbili za mwanzo wa Mei, alama 1 mpaka 5, matokeo Julai. AP Chemistry ni masaa matatu na robo, maswali 60 ya kuchagua na saba ya kuandika, na kwenye hayo saba unaonyesha njia, unachora, unaeleza kwa maneno kwa nini kiwango cha kuchemka cha hiki kiko juu ya kile. Wewe uliyepita PCB utaitambua ukiiona, ni ndugu wa Chemistry yetu ya Form Six kuliko ule mtihani wa saa moja. Vyuo vinaipenda kwa sababu hiyo. Chuo cha Yale walipotangaza utaratibu wao 2024 waliruhusu mwombaji alete alama za AP au za IB, ule mtaala wa kimataifa, badala ya SAT, yaani mtihani wa somo ukapewa kiti kile kile cha mtihani mkuu. Johns Hopkins au Harvard wakiona 5 ya AP Chemistry karibu na A ya darasani na barua ya mwalimu wa kemia, hizo tatu zinasema neno moja na zinaaminiana.

Lakini kuna mtego wa tarehe ambao umewanasa wengi. Maombi ya mapema yanafungwa Novemba mosi ya gredi ya 12, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. AP za gredi ya 12 zinafanywa Mei baada ya chuo kushajibu. Kwa hiyo mitihani ya AP inayoweza kumsaidia kwenye maombi ni ile atakayofanya gredi ya 10 na ya 11 tu, hizo za mwisho zitampa krediti chuoni lakini msomaji wa faili hataziona. Sasa hivi binti yuko gredi ya 10, ina maana AP Chemistry inatakiwa iwe gredi ya 11, na kuchagua masomo ya mwaka ujao shule nyingi zinafanya kati ya Januari na Machi. Ukikosa hapo ndo umekosa.

Niseme ninachoamini kuhusu ule mtihani uliokufa, maana sikubaliani kabisa na wanaosema umekufa na ni heri. University of California mwaka 2001 walitoa uchambuzi wa wanafunzi karibu 78,000, wakaona mitihani ya masomo ilikuwa inatabiri gredi za mwaka wa kwanza chuoni vizuri zaidi kuliko SAT ya kawaida. Na inaingia akilini, mtihani wa kemia unapima kama umesoma kemia. Halafu ulikuwa mtihani ambao mtoto yeyote angeweza kujiandikisha mwenyewe kwenye intaneti, akaenda Jumamosi asubuhi akafanya, hata kama shule yake haina darasa la maana. AP imefungwa kwenye shule. Shule ndiyo inaagiza mitihani, na mwisho wa kuagiza ni katikati ya Novemba, mtoto ambaye shule yake haina AP Chemistry itabidi atafute shule nyingine yenye mratibu wa AP atakayekubali kumpokea, aanze kupiga simu Septemba. Walipoufuta walisema wanapunguzia wanafunzi mzigo. Kwa mtoto wa shule yenye AP 25 ni kweli mzigo ulipungua, kwa mtoto wa shule yenye mbili alinyang'anywa ngazi.

Ndiyo maana nataka nikueleze habari ya kijana mmoja niliyemsaidia, familia yake ni Wakongo waliokaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Alifika akaingizwa gredi ya 9, Kiingereza chake cha kuongea kilikuwa kinakwama, kwa hiyo shule ikamweka kwenye masomo ya wanaojifunza lugha na sayansi ya chini kabisa. Yule mtoto alikuwa anajua kubalansi equation tangu kambini, anakaa darasani anapaka rangi picha ya seli! Hakuna aliyemchukia, mfumo ulimsoma Kiingereza ukadhani umesoma akili. Baba yake anafanya kazi ghala usiku, hajui kama inaruhusiwa kuuliza. Tulimwandikia kaunsela barua fupi tukaomba apewe mtihani wa kupima hesabu na sayansi, akapewa, akahamishiwa kemia ya juu gredi ya 10, gredi ya 11 akafanya AP Chemistry akapata 4. Si 5, ni 4. Lakini barua ya mwalimu wake wa kemia ilikuwa na aya moja ambayo siwezi kuisahau, aliandika kwamba siku ya titration, ile kazi ya maabara ya kudondosha kemikali tone kwa tone, namba ya kijana ilipishana na ya wenzake kwa matone matatu, wenzake wakaandika ya kundi wakaondoka, yeye akabaki mpaka basi la shule likamwacha, akirudia burette ile ile mpaka akagundua ilikuwa inavuja kwenye koki. Chuo kilichomchukua ni kati ya vile vigumu. Ukiniuliza kilichombeba nitakuambia ni yale matone matatu, na ile 4 ilikuwa pale kumhakikishia msomaji kwamba mwalimu hazungumzi kwa upendo tu.

Kwa hiyo kwa binti yako, kabla ya mtihani wowote, omba miadi na kaunsela wake wiki hii au ijayo. Inaruhusiwa, na kama Kiingereza kinakupa shida shule ya umma inatakiwa ikupatie mkalimani, na usikubali binti awe ndiye mkalimani kwenye kikao chake mwenyewe. Uliza mambo machache: AP Chemistry ipo na mwaka ujao ataingia vipi, hesabu yake inamfikisha kalkulasi kabla ya kumaliza au hapana, na habari za College Credit Plus. Hii ya mwisho ni ya Ohio, mtoto wa sekondari anasoma masomo ya chuo bure, na kama shule haina kemia ya juu anaweza kuisoma kwenye chuo cha jirani na gredi ikaingia kwenye rekodi yake. Ila angalizo, gredi hiyo inabaki kwenye rekodi ya chuo maisha yote, akipata C kule atakapoomba shule ya udaktari wataiona. Asiingie kwa kujaribu tu.

Hela. Mtihani mmoja wa AP ni karibu dola 100, lakini kama watoto wako wanapata chakula cha bure au cha punguzo shuleni kuna punguzo, muulize mratibu wa AP. SAT kwa gredi ya 11 na 12 kwa familia ya kipato cha chini ni bure kwa vocha ya College Board ambayo kaunsela anayo, na vocha hiyo inafungua mlango wa kuomba vyuo vingi bila ada pia. Kaunsela wengine wana wanafunzi mia nne, hatakukumbuka, we ndo umkumbushe. Na usimzuie mtoto kuomba Harvard kwa sababu ya bei, tangu mwaka wa masomo 2025-26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini hailipi kitu pale, si ada wala chakula wala malazi. Angalieni pia QuestBridge, maombi yake yanafungwa mwishoni mwa Septemba ya gredi ya 12, ni kwa watoto wenye bidii wa kipato cha chini wanaosoma sekondari Marekani, na wakimpatia chuo analipiwa miaka yote minne.

Kuna kitu kimoja nyumbani kwako ambacho naona hujakihesabu, Kiswahili. Kwenye mitihani ile ya zamani ya masomo kulikuwa na Kifaransa, Kijerumani, Kilatini, Kiebrania, Kikorea, Kiswahili hakikuwepo, na kwenye AP hakipo mpaka leo. Ila Ohio ina muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza sekondari kwa mwanafunzi aliyethibitisha kujua Kiingereza na lugha nyingine. Muulize kaunsela ni mtihani gani wa Kiswahili wanaukubali. Nimesema juu kwamba mtoto kujua lugha ya mama yake hakumshtui msomaji, na nasimama hapo hapo, lakini mtoto anayeitumia, anayekaa na bibi wa Kikongo kwenye kliniki akimweleza dawa ya presha inamezwaje, na ana muhuri unaothibitisha kwamba lugha anaijua kweli, huyo anayetaka udaktari ana jambo la kuandika ambalo watoto wengi wenye 5 saba za AP hawana.

Kuhusu zile programu za udaktari za moja kwa moja, unazoingia kutoka sekondari na nafasi ya shule ya udaktari umeshahakikishiwa, ndizo zilizowafanya wazazi wengi waogope mtihani wa Kemia maana baadhi zilikuwa zinaudai. Haziudai tena. Na binti hazihitaji ili awe daktari, njia ya kawaida ni chuo miaka minne, mtihani wa kuingilia uitwao MCAT, halafu shule ya udaktari, na kwenye njia hiyo chuo ambacho atapata A za kemia na kulala usiku ni bora kuliko chuo chenye jina ambacho atazama.

Sasa kitabu. Kemia haijabadilika tangu kichapwe. Sura za moli, gesi, asidi na besi, elektrokemia, msawazo, zote atazikuta AP Chemistry, mwambie azifanye likizo hii taratibu, na wewe kaa naye, hizo ulizifanya PCB na mikono yako inakumbuka. Aruke tu yale maswali yenye namba kuanzia 101, yale ya sentensi mbili unaulizwa kila moja ni kweli au si kweli na kama ya pili inaeleza ya kwanza, huo mtindo haupo kwenye AP Chemistry. Akifika sura ya elektrokemia akikwama, niandikie tena na ulitaje swali lenyewe.